Yai Lililobaki Kiotani

Tulimzika Mama Ayikoru huko Logiri siku ya Jumamosi, mwaka huu huu, mvua za kwanza zilipokuwa zimelainisha udongo na wachimba kaburi hawakupata taabu. Nilitoka Koboko siku moja kabla na shuka jipya la kumfunikia, nikakaa na wanawake kwenye mikeka nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu anaweza kulia bila kutazamwa. Mimi si mtu wa kulia kwa sauti. Nilisikiliza wanawake wakibishana kama chumvi ya maharage ilitosha, maana hata msibani chungu kina wakubwa wake, na mmoja akasema, "Marehemu angekuwa hapa, angekuja kuonja yeye mwenyewe, kisha angesema hakuna kitu." Wakacheka kidogo. Kisha wakatuita mbele, watoto wa marehemu wakaanza kusema, na Ayikoru, bintiye wa kwanza, ambaye sasa ana wajukuu kama mimi, akashika kipaza sauti. Alisema Kilugbara kwanza, halafu akageukia Kiswahili kwa ajili yetu wageni. "Mama yangu ilikuwa mutu ya kutoa," alisema. "Kule Arua tulikuwa na jirani, dada moja Mnubi, mgonjwa. Watu wanaogopa hata mlango ya ile nyumba. Mama akabeba kuku yake ya mwisho akapeleka. Kuku ikataga yai ya kwanza, huyo dada akaikula yote, akakufa na kitu tumboni. Mdogo yake iko hapa. Aziza, simama watu wakuone." Nikasimama. "Ni uongo ama ni kweli?" akaniuliza mbele ya umati wote. Nikatikisa kichwa kukubali. Watu wakasema amina, mzee mmoja akapiga makofi, nami nikakaa.

Si kweli. Uongo huo niliuzaa mimi nikiwa na miaka kumi na minne, nikamnong'oneza mtu mmoja, na mtu huyo akauchukua, akaulea vizuri kuliko nilivyodhani, mpaka Jumamosi ile ukasomwa juu ya jeneza lake. Kwa hiyo nitaandika mwaka ule jinsi ulivyokuwa, nisiongeze wala nisipunguze.

Mwaka ule nilitolewa shule nikiwa darasa la sita, nikaletwa kutoka kwetu Koboko mpaka Arua kwa Habuba. Habuba ndilo jina tunalomwita bibi sisi Wanubi. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, kuta za udongo zilizopakwa chokaa mpaka usawa wa kiuno, na bati lililotoboka mahali pawili, tukajua pa kuweka sufuria mvua ikija. Katika chumba cha ndani, chini ya dirisha la mbao, alilala dada yangu Zamzam. Sote tulimwita Zamu. Alikuwa na miaka ishirini na tano. Aliondoka nyumbani akiwa na mwendo uliowafanya madereva wazime injini, akarudi amebebwa. Nani alimrudisha na kutoka wapi, sitaandika. Ni mambo ya familia, na wenyewe hawapo kujitetea. Ugonjwa wake siku hizo haukuwa na dawa, na jina lake halikutajwa. Watu walisema, "imemshika," wakaishia hapo. Alikohoa, alikonda, kinywa chake kilijaa vidonda vyeupe kama maziwa yaliyoganda. Asubuhi nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu, nikampaka mafuta ya ufuta mgongoni ambako mifupa ilikuwa inatafuta njia ya kutokea, nikageuza godoro, nikafua. Mchana nilipika uji. Sikuwa mtoto mwema wakati huo wote. Kuna siku nilimwosha kwa mikono ya hasira, na yeye alijua, akasema tu, "Polepole, Aziza, mimi si sufuria."

Habuba alikuwa anasuka kawa, yale mafuniko ya chakula ya rangi nyekundu, kijani na zambarau ambayo mabibi zetu wanayajua kuliko mtu yeyote. Alisuka akiwa ameketi mlangoni pa chumba cha Zamu, miguu ameinyosha, ukindu uliotiwa rangi ukimlalia mapajani. Nadhani aliketi pale ili kifo kikija kimkute njiani. Hakuwahi kusema kwamba Zamu atakufa. Alisema, "Akipata nguvu." Akipata nguvu tutampeleka Koboko akapumzike. Akipata nguvu atasuka na mimi, maana vidole vyake ni vyembamba. Kila jambo lilikuwa mbele, linangoja nguvu. Majirani wa Kinubi walikuja siku za kwanza, wakaketi karibu na mlango wa nje, wakanywa chai ya tangawizi wakigusa kikombe kwa ncha za vidole, na baadaye hawakuja. Niliwasikia wawili kisimani. Mmoja alisema, "Yule mtoto anayemwosha, naye wanamtupa tu." Mwenzake akamjibu, "Nyamaza, ndoo yake hiyo." Nilijaza ndoo yangu nikaenda.

Mama Ayikoru alikaa upande wa pili wa ua wa matete. Alikuwa Mlugbara, Mkatoliki, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Alikwenda misheni ya Ediofe kila asubuhi kufua, akarudi saa nane. Siku moja alipita katika pengo la ua bila kubisha hodi, akiwa na kuku tembe kwapani, mwekundu mwenye shingo ya madoadoa, bado hajataga hata mara moja. Akaingia moja kwa moja mpaka kitandani, akaketi juu ya godoro lenyewe, jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu Zamu arudi.

"Umebaki hivi kama mti ya kupimia mtama," akamwambia.

"Na wewe umenenepa kama mwenye duka," Zamu akamjibu.

"Ni mimi nakula chakula yako. Shika. Mumchinje, akunywe supu."

Zamu akanyoosha mkono akamgusa kuku kichwani. "Mbona mdogo hivi? Hajazaa hata yai moja. Mtu asichinjwe kabla hajazaa."

"Basi ngojea atage, ukule mayai. Mimi sijui utamu yake. Kwetu mwanamke na kuku ni kuangalia tu. Tangu mama yangu anizae, yai haijapita hapa." Akajigusa koo. "Kwa hiyo utakula, na utaniambia inakuwa namna gani."

Ilikuwa kweli. Zamani kwao kuku na mayai vilikuwa vya wanaume, na ingawa wasichana wa mjini walikuwa wameanza kula kwa siri, yeye alishika mwiko wa mama yake. Alifuga kuku maisha yake yote kama mtu anayelinda ghala la mwenzake. Nataka ieleweke hivyo. Alileta kitu ambacho mwenyewe hakuwahi kukionja, akaomba malipo ya aina moja tu: aambiwe ladha yake.

Habuba alipomwona kuku alifurahi kwa namna ya wazee, yaani alianza kutoa amri. Usiku alale chini ya kitanda cha Zamu amefungwa mguu kwa kitambaa, asiibwe na paka wa mwitu. Mchana afunguliwe uani. Apewe pumba za muhogo na mchwa. "Na huyu kuku," akaniambia nje, akiwa ameshika sikio langu kwa upendo na kwa nguvu, "itakuwa yako. Ukimtunza dada yako vizuri mpaka apate nguvu, kuku ni yako na vifaranga vyake vyote." Mimi sikuwahi kumiliki kitu. Nguo yangu ilikuwa ya Zamu, sahani yangu ilikuwa ya Habuba. Kuanzia siku hiyo nilichimba mchwa asubuhi na jioni. Ayikoru, ambaye tulikuwa rika moja, alikuja pale uani tukahesabu: akitaga kumi, akaatamia, wakatoka wanane, majike watano. Tulikuwa tayari na banda la kuku hamsini huko Koboko, lenye mlango wa kufuli. Katika hesabu zetu Zamu hakuwemo. Sijui kama Ayikoru aliligundua hilo. Mimi niligundua, nikaendelea kuhesabu.

Zamu naye alikuwa na hesabu yake. Alimtazama yule kuku siku nzima kupitia mlango wazi na dirisha. Alinipa habari zake nikirudi kisimani: amepigana na kuku wa jirani akashinda, amekula mjusi, leo upanga wake wa kichwani umekuwa mwekundu zaidi. Alipoacha kuweza kukaa, niligeuza kitanda ili kichwa chake kielekee uani. "Akishataga," alisema, "nitajua nimeona kitu kinaanza. Hapa ndani kila kitu kinaisha." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. Vidonda vya kinywani vilikuwa vimeshuka mpaka kooni, na kwa wiki mbili alikuwa anameza maji ya uji tu, vijiko vitatu, vinne. Lakini alianza kuzungumzia yai. Kama likaangwe na kitunguu au lichemshwe. Siku moja aliamka asubuhi akasema amekula yai ndotoni na lilikuwa na pilipili, akanikasirikia mimi kwa kutia pilipili.

Siku yenyewe ilikuwa ya katikati ya wiki, asubuhi, Habuba amekwenda sokoni kutafuta rangi ya ukindu. Kuku alianza kusumbuka tangu nilipomfungua. Alitoka, akarudi. Aliimba ule wimbo wa pua, kama mlango unaofunguka taratibu. Aliingia jikoni akachungulia ndani ya sufuria. Alipanda juu ya mkeka wa Habuba wa kuswalia, akazunguka mara mbili, nikamfukuza. Alikwenda nyuma ya pipa, akakaa, akabadili mawazo. "Mwache," Zamu akasema. "Anatafuta nyumba." Mwishowe akaingia chumbani, akatembea akinyanyua mguu mmoja mmoja kama bibi harusi anayeogopa matope, akaruka ndani ya kikapu cha mabaki ya ukindu kilichokuwa kwenye kona ya miguu ya kitanda, akajishusha. Zamu akaninyoshea kidole: usipumue. Nikaketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta. Tulikaa hivyo muda mrefu. Mwanga uliingia kupitia yale matundu mawili ya bati, ukaweka shilingi mbili za jua juu ya shuka. Nilisikia pumzi ya Zamu na ule ukindu ukikwaruzwa. Kuku alifumba macho, akayafumbua, akajivimbisha, akasimama nusu. Kisha akasimama wima, akageuka, akainamisha kichwa akakitazama kilichotoka kwake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukishangaa kama uso wa yule kuku. Halafu akaruka juu ya ukingo wa kikapu, akaanza kutetea kwa kelele kana kwamba tumemwibia.

Zamu alicheka. Ni kicheko kilichoanza tumboni, cha zamani, cha siku za madereva, nami nikacheka mpaka nikalala sakafuni. Kicheko chake kikageuka kikohozi, nikamshika mabega, naye bado anacheka ndani ya kikohozi, machozi yanamtoka. "Lilete," akasema. "Lilete kabla halijapoa." Lilikuwa dogo, kubwa kidogo tu kuliko la njiwa, rangi ya chai ya maziwa, lina unyevunyevu na mstari mwembamba wa damu upande mmoja. Nilimwekea kiganjani. Akalifumba. Akaliweka juu ya kope la jicho moja, kisha la pili. "Iko moto," akasema. "Aziza, hili limetoka mahali penye moto." Akaliweka shavuni, akafunga macho, na uso wake, naapa, ukawa uso wa Zamu. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimeolewa, nimezaa watoto wanne. Bado ile ndiyo asubuhi ninayoikumbuka mtu anaponiuliza furaha ni nini.

"Nichemshie," akasema. "Laini. Nitameza."

Habuba alisimama mlangoni na rangi zake kwenye karatasi. Alikuwa amesikia kuku tangu njiani. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akamsifu kuku, kisha akaona yai liko wapi. "La," akasema. "Hiyo ya kwanza hapana kula. Hiyo ni ya kiota. Ukiitoa, kuku itaona nyumba imeibiwa, kesho itaenda kutaga kwa watu, hata hutaiona tena. Aziza, paka mkaa, rudisha haraka kabla hajaenda kuangalia." Mtu yeyote anayefuga kuku wa kienyeji anajua jambo hilo. Yai moja huachwa kiotani, lenye alama lisichanganywe na mengine, na kuku hurudi pale pale kila siku. Halikuwa neno la ukatili. Habuba alikuwa anamwekea Zamu mayai ya kesho na keshokutwa na ya mwezi ujao, mayai ya kumpa nguvu. "Kesho inakuja yako, binti yangu," akamwambia, "na keshokutwa, mpaka uyachoke." Akaondoka kwenda kuloweka rangi.

Sasa nafika mahali ambapo Jumamosi nilitikisa kichwa. Habuba aliamini kuna kesho. Mimi sikuamini. Mimi ndiye niliyemwosha. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeona miguu yake imevimba na kung'aa, na kucha zimebadilika rangi, na nilijua, kama mtu anavyojua kuni zimekwisha bila kuzihesabu. Ningeweza kusema, "Habuba, mwache ale." Ningeweza kulichemsha kwa siri na kuweka jiwe jeupe kiotani; kuku hajui tofauti, na mimi hilo nilikwisha kulisikia kwa Ayikoru. Nilisimama pale kando ya kitanda, na nilichofikiria ni kuku. Akihama, hakuna vifaranga. Akihama, sina kitu. Nilimtazama dada yangu nikamwona kama mtu aliyekaa juu ya kitu changu.

"Lete, dada," nikasema.

"Mwambie nimelivunja."

"Atakuja kuangalia. Kesho utapata lingine."

"Kesho ya nani?" akauliza.

Nilishika mkono wake. Alikuwa amefumba ngumi kulizunguka yai, na sikudhani bado ana nguvu kiasi kile. Nilifungua kidole cha mwisho kwanza, kisha kinachofuata, nikishikilia kile cha kwanza kisijifunge tena, kama tunavyofanya kwa mtoto aliyeokota kisu. Hakulia wala hakuniapiza. Alinitazama tu, na kidole gumba kilipofunguka akasema, polepole, "Basi." Nilikwenda jikoni nikachukua kipande cha mkaa, nikalichora mstari kuzunguka tumbo, nikalirudisha kikapuni. Liliacha unyevu kidogo kiganjani mwake. Akajipangusia shavuni.

Kesho yake kuku hakutaga. Tembe huruka siku mwanzoni, hilo pia kila mfugaji analijua. Keshokutwa alitaga, katika kikapu kile kile, karibu na lile lenye mkaa, kama Habuba alivyosema. Nilikimbia kulichemsha. Nililimenya likiwa linaniunguza, nikaponda kiini na chumvi, nikaketi kitandani na kijiko. Zamu alikuwa macho, lakini macho yake yalikuwa yanatazama kitu kilicho karibu zaidi kuliko mimi. Nikamgusisha mdomo. Hakufungua. Nikampaka kidogo kwenye mdomo wa chini, kikakauka pale, njano. Habuba alisema, "Atakula baadaye." Kile kiini kilichobaki kijikoni nilikila mimi, mlangoni, nimeuelekeza uso wangu ukutani, na kilikuwa kitamu. Siku ya Ijumaa kabla ya adhana ya mchana Zamu alikata roho.

Wanawake wanne walikuja kumwosha. Hao walikuja, maana maiti haiogopwi kama mgonjwa. Mimi nilipewa kazi ya kumimina maji. Bibi mmoja alimnyosha mikono, akasafisha katikati ya vidole, kimoja kimoja, na siku hiyo vilifunguka vyenyewe bila kulazimishwa. Nikamwaga maji nje ya beseni. "Shika vizuri, mtoto," bibi akasema. "Huu si wakati ya kulala."

Mama Ayikoru alirudi kutoka Ediofe akakuta watu. Aliketi na mimi kwenye jamvi la nje, akanivuta kichwa mpaka kwenye bega lake lenye harufu ya sabuni, akaninong'oneza sikioni, yeye ambaye hakujua kunong'ona, "Alikula?" Nilijua anauliza nini. Aliporudi kazini siku ile aliambiwa kuku alivyotetea. Mtaa mzima ulimsikia. "Alikula," nikasema. "Yote?" "Lote. Na chumvi." "Alisema ni namna gani?" Nikatafuta. "Alisema iko moto," nikasema, na hilo peke yake lilikuwa neno la kweli la Zamu. Mama Ayikoru aliniachia, akapiga makofi mara moja, akageukia wanawake wengine akawaambia kwa sauti yake ya ng'ambo ya mto: alikula, alikula yai la kwanza, hakuondoka na njaa. Mlangoni Habuba alikuwa ameketi bila ukindu, mikono mitupu mapajani. Alinitazama. Alijua yai liko wapi. Lilikuwa nyuma yake, hatua tatu. Mpaka alipokufa, miaka sita baadaye, hatukulizungumza jambo hilo.

Kuku hakuhama. Lazima niandike hilo pia. Alitaga mayai kumi na mawili katika kikapu kile kwenye chumba ambacho hakuna aliyelala tena, akaatamia siku ishirini na moja, wakatoka vifaranga tisa. Habuba alisema kweli tangu mwanzo mpaka mwisho. Lile lenye mstari wa mkaa lilikuwa kati ya yaliyobaki, maana yai la kiota hukaa mno, huoza. Nililitikisa karibu na sikio langu, likasema ndani kama maji ya mtungi. "Viza hilo," Habuba akasema bila kuniangalia, "katupe." Nililitupa chooni. Sikulizika, sikulifungia kitambaa, sikufanya lolote kati ya yale ambayo mtu hupenda kusimulia baadaye. Mwisho wa mwaka nilirudi Koboko na kuku na vifaranga saba ndani ya tenga. Shule sikurudi. Watoto wangu wamesoma kwa uzao wa yule kuku, na kila niliposaini karatasi ya shule niliona mkono wangu ukifungua vidole.

Jumapili asubuhi, kesho ya maziko, Ayikoru alinisindikiza mpaka barabarani. Miguu yake inamsumbua, tulikwenda polepole katikati ya mihogo. Nilimwambia. Nilimwambia yote, mpaka ile habari ya kiini na kijiko, na ya banda letu la kuku hamsini. Alisimama. Alinitazama muda, si kwa hasira, kama mtu anayehesabu upya.

"Mama alisimulia hiyo maneno kila mwaka," akasema. "Siku yeye anakaribia kufa, muuguzi aliuliza anataka kula nini. Alisema yai. Mimi nikashangaa: mama, wewe? Akasema, dada ya Aziza alikula akasema iko moto, na mimi nione. Nilimchemshia. Alikula nusu."

Pikipiki ilipita, tukasogea pembeni.

"Usimwambie mutu tena," Ayikoru akasema. "Mama tumemzika nayo. Iache huko chini." Akanishika mkono wa kuagana, nami nikaona ninautoa wangu upesi, kabla vidole vyake havijajifunga.

Alichosema ni cha busara, na yeye ndiye mwenye msiba. Lakini marehemu wangu mimi ni mwingine, naye amekaa miaka yote hii akisifiwa kwa shibe ambayo hakuipata. Dada yangu Zamzam hakula lile yai. Aliliomba, nikamnyang'anya, na kuku hakuhama.